Mguu wa Kumi na Moja

Viatu havipo!

Nesi alifikicha macho, akaangalia tena. Havipo. Pale mlangoni, juu ya kitambaa cha kufutia miguu, alipovipanga kwa mikono yake mwenyewe dakika tano zilizopita, vipya, vya kahawia, vinanukia ngozi, sasa kulikuwa na jozi nyingine kabisa. Vikuukuu. Vikubwa kama watoto wawili waliolala. Kamba moja nyeusi, nyingine nyeupe.

Unakumbuka, msomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha nyuma ya pazia, anachungulia mtego wake. Ulisema moyoni, "Huyu atapiga chafya." Alipiga. Tena tatu mfululizo, na hakuna binadamu anayepiga chafya macho yakiwa wazi. Mwenye mguu alipita katikati ya chafya ya pili na ya tatu.

Na wewe uliyetukuta njiani leo, sogea nikuambie upesi kabla hawajatuacha.

Nesi anafanya kazi hospitali, nchi ya mbali, mwaka wa tisa huu. Amekuja nyumbani likizo ya wiki mbili na binti yake wa miaka mitano, ambaye ndugu wamempa jina la Kipaza kwa sababu hajawahi kusema neno kwa sauti ya chini. Kabla ya safari, Nesi aliwaomba ndugu wamtumie vipimo vya viatu. Kila mmoja akakanyaga karatasi, akazungushia kalamu, akaandika jina, akatuma. Ikafika miguu kumi ya karatasi yenye wenyewe.

Wa kumi na moja ulitoka ndani ya bahasha ya mama yake mzazi. Hauna jina. Mrefu mpaka kidole gumba kimevuka karatasi, kikamaliziwa kwenye karatasi ya pili iliyobandikwa kwa gundi. Namba arobaini na sita!

Na mama yake ni mjane, mguu wake thelathini na saba.

Hilo lingekuwa dogo, lakini ndani ya mkoba wa Nesi kulikuwa na tiketi ya ndege ya mama yake. Jumanne waondoke wote watatu. Leo ni Jumamosi, na kila alipoulizwa, mama alijibu neno moja: "Tutaona." Aliyelelewa na mama anaijua "tutaona". Ni mlango uliorudishwa bila komeo. Huwezi kujua kama umefungwa mpaka uusukume, na Nesi alikuwa anaogopa kuusukuma. Kule mbali anafanya kazi kwa zamu, mtoto anashinda kwa mlezi wa kulipwa, na mwezi uliopita Kipaza alimwita yule mlezi "Bibi". Nesi alilia kwenye lifti ghorofa saba, akashuka amefuta uso, akaenda kupima watu presha.

Kwa hiyo mguu huu ni wa nani? Na utamzuia mama?

"MAMA!" Kipaza alitokea. "KUNA VIATU VIBAYA MLANGONI!"

"Shhh!"

"KWA NINI SHHH?"

Nesi alipiga magoti, akatia mkono ndani ya kiatu kimoja.

Bado cha moto!

"Mwenyewe hayuko mbali," alinong'ona. Akakigeuza. Soli ya kushoto imelika upande wa nje. "Anaegemea kushoto. Goti la kulia linamsumbua. Miaka sitini na kitu. Hanywi maji ya kutosha."

"HAYO YOTE KIATU KIMESEMA?"

"Kimesema yote isipokuwa jina."

Priiiiii!

Filimbi! Nesi aliruka kama mwanafunzi aliyekamatwa na redio bwenini. Kwenye korido alisimama Shangazi Metroni, dada wa marehemu baba, aliyelea wasichana wa bweni miaka thelathini. Yeye alistaafu. Filimbi haikustaafu.

"Saa tisa na dakika ishirini," alisema Shangazi. "Kwenye ratiba uko wapi?"

"Shangazi, mimi nipo tu hapa..."

"'Nipo tu hapa' haipo kwenye ratiba." Alikunjua karatasi tatu zilizounganishwa. "Saa tisa hadi tisa na nusu, picha na majirani wa upande wa kulia. Wamekaa wanakusubiri. Mmoja amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

Nesi ana daftari dogo la kanuni, anawaandikia wauguzi wenzake watakaokwenda makwao mwakani. Ya kwanza inasema usitaje siku kamili ya kufika, taja wiki, la sivyo utawakuta watu kumi na tisa uwanja wa ndege na gari la watu wanne. Ya pili, viatu vya mtoto ongeza namba mbili, maana mguu haukai kwenye karatasi kusubiri safari yako. Ya nne aliiandika siku ya pili, machozi yakimlengalenga: *Panga ratiba yako kabla hujapanda ndege, na siku ya kwanza andika KULALA. Usipoipanga, utapangiwa.*

Yeye alikuwa amepangiwa. Kwa nusu saa nusu saa. Mama yake mwenyewe alikuwa amepewa Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na robo, na hiyo robo ililiwa na maneno ya jirani aliyekuja kuazima ungo.

"Shangazi, hii Jumatatu saa nne mbona iko wazi? Nipe nikae na Mama."

Shangazi aliifunika kwa kiganja. "Usiiguse."

"Lakini haina mtu."

"Watu watatu wameiomba nimewanyima, mmoja ni diwani. Nimesema usiigu..." Macho yalishuka mpaka mlangoni. "Hivyo viatu vya nani?"

"Vipya vimechukuliwa. Hivi vimeachwa."

"Mwizi aliyeacha chenji," alisema Shangazi, akajaza mapafu. Priiii! "Wanaume wote wa nyumba hii, chumba cha cherehani! Peku! SASA!"

Chumba cha cherehani ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoilisha nyumba. Mama wa Nesi hushona sare za shule, mtaa mzima unamwita Mama Sare. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani kuna bomba refu la chuma lililotundikwa magauni arobaini ya shule, ya buluu, kola nyeupe, yamebanana kama wanafunzi wenyewe. Juu yake, saa ya ukutani.

Mama Sare alikuwa anashona. Hakuinua uso. Ka-ta, ka-ta, ka-ta.

Wanaume wa nyumba walikuwa wawili. Wa kwanza ni mdogo wake Nesi, anaitwa Meneja. Usiniulize meneja wa nini, na yeye haulizwi. Wa pili ni Fundi Bomba, jirani, aliyekuja kuzibua sinki akajikuta yumo kwenye paredi na koleo mkononi.

"Vua," Shangazi alimwamuru Meneja.

"Shangazi, soksi yangu ina..."

"Matundu ya soksi nimeyaona kabla hujazaliwa. Vua!"

Nesi alitandika mguu wa karatasi sakafuni. Meneja akakanyaga. Mguu wake ulikaa ndani ya ule kama kijiko ndani ya sufuria.

"Namba arobaini na moja," alisema Nesi. "Na kucha hizo ukate leo."

"Lakini nikitia pamba mbele? Dada, kiatu chenyewe ni kizuri..."

"Mwingine!"

Fundi Bomba alikanyaga. Upana alikuwa nao, mpaka akazidi. Urefu haukuwepo.

"Huu si mguu," alisema Shangazi. "Huu ni mkate."

"Mimi nilikuja kwa sinki jamani."

"BADO BIBI FILIMBI!" alipaza Kipaza.

Shangazi Metroni aligeuka polepole. "Mimi ni mwanamke."

"LAKINI MIGUU YAKO MIKUBWA!"

Shangazi alikanyaga ili yaishe. Arobaini na tatu kamili. Meneja aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Atakayetoka nje na hiyo namba," alisema Shangazi, "nitamwekea ratiba na yeye."

Hapo ndipo Nesi alisikia kitu. Muuguzi, msomaji, masikio yake yamezoea mapigo ya moyo. Cherehani ilikuwa inakwenda taratibu, ka-ta, ka-ta. Lakini kila lilipotajwa neno moja, ilikuwa inakimbia.

"Shangazi," alisema polepole, "hebu sema 'mguu'."

"Nini?"

"We sema tu."

"Mguu."

Katakatakata!

"Sasa sema 'kikombe'."

"Umechanganyikiwa na ndege. Kikombe."

Ka-ta. Ka-ta.

"Mguu."

Katakatakatakata! Uzi ukakatika, paa!

Wote wakamtazama Mama Sare. Mama Sare akautazama uzi kama mtu aliyeuonea aibu.

"Nyuzi za siku hizi," alisema. Akanyanyua macho ukutani haraka. "Tena na hii saa nayo imekufa. Meneja, baba, kamwite Fundi Saa."

Kweli, saa ilikuwa imesimama. Saa tisa na dakika kumi.

"Tena?" Meneja alishangaa. "Si alikuja Jumanne?"

"Na Alhamisi," alisema Fundi Bomba. "Nilipishana naye mlangoni, amevaa tai."

"Na Jumamosi iliyopita nilimkuta hapa hapa anakunywa chai," alisema Shangazi. "Saa gani hii isiyopona? Itupwe!"

"Isitupwe!" Mama Sare aliruka. Akatulia. "Ni ya siku nyingi. Inataka tu kuangaliwa angaliwa."

"HAIJAFA!" Kipaza alipanda juu ya stuli. "BIBI AMETOA BETRI! NIMEMWONA! AMEIWEKA KWENYE MFUKO WA GAUNI!"



Mkono wa Mama Sare ulienda wenyewe mpaka mfukoni, ukafunika. Betri moja, ndogo, imetuna kama uongo.

"Huyu mtoto," alisema Mama Sare kwa upole, "akilelewa vizuri atakuwa shahidi mahakamani."

"Mama..." Nesi alianza.

"MAMA, MAMA!" Kipaza alimvuta sketi, kidole kimenyooka ukutani. "MAGAUNI YA SHULE YAMEVAA VIATU!"

Wakageuka wote kwa pamoja.

Magauni arobaini ya buluu yalikuwa yananing'inia kwa adabu. Na chini ya pindo, katikati ya safu, vilisimama viatu viwili vya kahawia. Vipya. Kamba zimefungwa vizuri. Kimoja kilipoona kinatazamwa, kikajificha nyuma ya mwenzake.

Priiiiiii!

"Toka! Mikono juu! Gauni la wifi yangu usilikunje!"

Magauni yalifunguka, na akatoka mwanaume mkubwa kuliko kabati, ameinama kwa mazoea ya kugonga milango. Kola ya mtoto wa darasa la pili ilikuwa imemkwama sikioni. Mkononi alishika bisibisi nyembamba kama sindano.

Fundi Saa!

Mwenye kibanda cha kioo pale kona, anayetengeneza saa za mkononi zenye vidude vidogo kama chembe za mchanga, na vidole vyake vinene kama mihogo. Nesi alikuwa amempita kila siku tangu afike. Alimwuliza mpaka muuza magazeti kuhusu mguu mkubwa. Lakini huyu hakumwuliza, kwa sababu Fundi Saa alikuwa anakaa nyuma ya meza, na miguu iko chini ya meza.

"Shikamoo," Fundi Saa alimwambia Shangazi.

"Shikamoo ya nini? Umenizidi miaka miwili!"

"Basi habari za mchana."

"Umeingiaje humu?"

"Nilikuwa na miadi saa tisa na robo, kwa ajili ya saa." Alinyoosha kidole mlangoni. "Nikakuta viatu mlangoni, vipya, namba arobaini na sita, na mtaa huu mguu huo ni wangu peke yangu. Nikasema, loo, nimekumbukwa. Nikavaa. Nikaingia nishukuru. Ndipo nikasikia filimbi, na mimi, mama zangu, nilisoma shule ya bweni. Filimbi ikilia najificha kwanza, kosa nalikumbuka baadaye."

Shangazi alikunja mikono. "Hii saa umeitengeneza mara ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ina ugonjwa gani?"

"Haina."

"Haina!"

"Mara ya kwanza betri ilikuwa imeisha. Mara ya pili betri haikuwepo kabisa. Nikajua."

"Ukajua nini?"

Fundi Saa alitazama viatu vyake vipya. Masikio yakabadilika rangi. "Nikajua kwamba saa ni nzima," alisema. "Na mimi mteja akiniita, naenda."

Meneja aliangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Fundi Bomba naye. Hata Shangazi kona ya mdomo ilimchezacheza, akaiadabisha.

Nesi hakucheka. Alivuta stuli, akakaa mbele ya cherehani, magoti yake yakigusana na ya mama yake.

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliandika."

"Uliandika wapi? Hukuandika chochote! Ulituma mguu!"

"Ndiyo. Nikasema mwanangu ataona mguu mkubwa hauna jina, atapiga simu. Atasema, Mama, huu mguu wa nani? Na mimi nitapata mahali pa kuanzia." Mama Sare alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unakataa. "Hukupiga. Ukanunua viatu."

"Nilidhani nitakuaibisha!"

"Umemwuliza kinyozi. Umemwuliza muuza magazeti. Umewapima miguu jirani zangu. Umeuliza mtaa mzima, mwanangu. Hujaniuliza mimi."

Nesi aliokota uzi uliokatika, akauzungusha kidoleni.

"Tunaongea kila Jumapili, dakika nane," aliendelea mama yake, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Saba ni za Kipaza. Moja iliyobaki unaniuliza, Mama, umekunywa dawa? Nimekunywa. Basi tunaagana. Miaka sita tangu baba yako aondoke sijakosa kidonge hata kimoja. Ungeuliza nani ananikumbusha, ungejibiwa."

Fundi Saa alikohoa. "Nilimtegea kengele," alisema. "Kwenye saa ndogo ya mezani."

Wewe uliyeko mbali unayesoma hapa, kwenye simu yako, labda umesimama kwenye foleni ya basi. Beba zawadi, ni vizuri. Acha nusu ya sanduku wazi kwa vya kurudi navyo, hakikisha pasipoti haijaisha. Lakini Jumapili hii mwulize mama yako swali moja ambalo jibu lake hulijui. Moja tu. Mimi naendelea.

Nesi alifuta uso kwa kiganja. Kisha akausukuma ule mlango.

"Mama, nilikuletea tiketi. Nakuuliza sasa. Utakuja na sisi Jumanne?"

Fundi Saa alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Tiketi yenyewe ni ya kwenda," aliuliza Mama Sare, "au ya kwenda na kurudi?"

Nesi aliinamisha kichwa.

"Ya kwenda."

"Ndiyo maana nikasema tutaona."

Dakika ilipita. Ya kukisia, maana saa haikuwa na betri. Kisha Mama Sare akasimama, akakata kipande cha karatasi ya kuchorea sare, akakiweka chini, akavua ndala, akakanyaga.

"Shika chaki. Chora."

"Mama, thelathini na saba, naijua."

"Huijui. Kule kwenu kuna baridi, nitavaa soksi mbili. Acha nafasi ya soksi."

Chaki ikasimama hewani. "Kwa hiyo... unakuja?"

"Miezi mitatu. Nimfundishe huyu kunong'ona, na huyo mlezi wenu naye anijue bibi ni nani. Halafu narudi. Nina sare za muhula mpya, na nina saa inaharibika." Hakumtazama Fundi Saa, lakini Fundi Saa alitazamika. "Ukinikatia ya kurudi, nakuja. Usiponikatia, nakupenda, nakaa hapa."

"Nabadilisha leo leo," alisema Nesi. Alikuwa analia na kuchora, mstari unakwenda kama mdudu. Mguu ulitoka mbaya kuliko yote kumi na moja. Mpaka leo hajautupa.

*Kanuni ya ishirini,* aliandika baadaye, *ukimkatia mzazi tiketi, kata ya kwenda na kurudi. Umemwalika, hujamhamisha.*

"BIBI ANAKUJA!" Kipaza alitangaza dirishani, na mtaa wote ukajua, hata waliokuwa kwenye usingizi wa mchana.

Priii. Ndogo, ya adabu.

"Mmemaliza?" Shangazi Metroni alikunjua ratiba juu ya meza, akailainisha. "Maana mimi nina kazi. Wifi yangu atapanda ndege Jumanne. Huyu bwana atakaa miezi mitatu anaangalia saa nzima, na jirani wanauliza anaingia humu kama nani." Akatoa kalamu nyuma ya sikio. "Jumatatu. Saa nne asubuhi."

Nesi alishtuka. "Ile nafasi iliyo wazi!"

"Wazi kwako. Mimi nimeishika tangu ulipotua."

"Wifi," Mama Sare alisema kwa sauti ndogo. "Ulijua?"

"Nimelea wasichana mia mbili miaka thelathini, nisijue mtu anayetoa betri?" Shangazi alipenga kamasi kwa kishindo. "Kaka yangu alikuwa mtu mwema. Hakukuacha ili ukae unaongea na cherehani. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme. Mmechelewa, nimepanga mwenyewe." Akaandika kwa herufi kubwa, wote wanaona: HARUSI. "Saa nne hadi saa tano na nusu. Hotuba dakika mbili mbili. Fundi Bomba utasimamia maji. Kuna mwenye pingamizi?"

Mama Sare alikuwa anaangalia chaki mkononi mwa binti yake, anatabasamu kama mtu wa miaka kumi na minane aliyeshikwa.

"Jumatatu siwezi," alisema Fundi Saa.

Kalamu ya Shangazi ilianguka.

"Huwezi?" Nesi alisimama. "Huwezi kivipi? Umekunywa chai hapa mara arobaini na moja!"

"Kuna mtu hajaulizwa." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya mtoto wa darasa la pili, ambayo bado hakuna aliyemwondolea. "Mama yangu."

"Una mama?" Meneja aliuliza. "Wewe?"

"Ana miaka tisini na mmoja. Ninaishi naye. Hajui lolote. Alikwenda kumtembelea dada yangu, anarudi hiyo hiyo Jumatatu asubuhi, na siwezi kumpokea stendi nikiwa nimeshaoa."

"Si utampigia simu leo?"

"Hapokei simu. Na akisema Jumatatu..." Fundi Saa aligeukia dirisha. "Akisema Jumatatu huwa anafika Jumamosi. Anasema ukitaja siku kamili watu wanaficha vitu."

Honi! Teksi getini!

"Kibanda chako umefunga?" Shangazi aliuliza haraka.

"Nimefunga. Nimeacha karatasi mlangoni." Alifumba macho. "Nimeandika, *Nipo kwa Mama Sare, natengeneza saa.*"

Geti lililia. Ikasikika fimbo kwenye sementi, ko, ko, ko. Ikasimama pale mlangoni penye viatu vikuukuu, ikavigonga mara mbili, kama daktari anayegonga kifua. Kisha ikaendelea. Ko, ko, ko. Korido. Karibu. Karibu zaidi.

Mlangoni akatokea bibi kizee mdogo, hafiki bega la cherehani, mkoba kwapani. Hakumtazama mwanawe usoni. Alimtazama miguu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Miaka sitini na minne," alisema, "viatu vya huyu mtoto nanunua mimi."

Fundi Saa alijaribu kurudi kwenye magauni. Hakukuwa na nafasi, Fundi Bomba alikuwa ameshajificha humo.

"Nauliza mara moja," alisema bibi, na fimbo ikagonga sakafu. "Nani amempima mwanangu mguu bila kuniuliza?"

Juu ya stuli, Kipaza alivuta pumzi ndefu.

Mikono minne iliruka kwa pamoja kuelekea mdomo wake.

Haikuwahi.